Serikali ikisema "rudini nyumbani, kuna amani", shamba anarudisha nani?

Binti Ulyankulu (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu, mnivumilie. Nauza mawese na dagaa wa Kigoma pale Majengo hapa Dodoma, na juzi mteja mmoja alisema mbele ya watu kwamba Warundi waliobaki kwenye kambi za Kigoma ni wavivu tu, kwao kumetulia, wanang'ang'ania nini. Nilikuwa na wateja wengi, nikamjibu mawili matatu. Jibu lenyewe naliweka hapa.

Mimi nimezaliwa makazi ya Ulyankulu, Tabora. Wazazi wangu ni wakimbizi wa mwaka 1972, jeshi la Rais Micombero wa Burundi lilipowaua Wahutu usiku na mchana, wasomi wakitangulia. Waliovuka walipokelewa na serikali ya Mwalimu, wakapewa mapori ya kufyeka katika makazi matatu: Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Wakalima tumbaku, mahindi na mihogo, wakalipa kodi, wakatuzaa. Mwaka 2007 Tanzania, Burundi na UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, zikakubaliana kufunga ukurasa huo: anayetaka kurudi arudi, anayetaka uraia wa hapa aombe. Tulikuwa watu karibu 220,000, na takriban asilimia 80 waliomba uraia. Baba aliomba. Mdogo wake, yaani baba mdogo, akasema yeye atazikwa kwao.

Alirudi mwaka 2008 na familia yake, kwao Rumonge, kandokando ya Ziwa Tanganyika. Shamba la babu alilikuta. Michikichi ipo, mingine imerefuka mno kuipanda, na mwembe alioupanda babu kwa mkono wake bado unazaa. Ila katikati ya shamba pana nyumba ya matofali ya kuchoma, imeezekwa bati, na ndani anakaa mzee wa rika lake na wajukuu. Mzee yule hakuvamia. Aliletwa miaka ya sabini kutoka mkoa mwingine, serikali ya wakati ule ikampimia kipande ndani ya mradi wa mawese na kumwandikia karatasi. Ameshazika watoto wawili kwenye ardhi hiyo. Ukimsikiliza baba mdogo peke yake utampa haki, na ukimsikiliza yule mzee peke yake utampa haki vilevile.

Naomba tukae hapa kidogo, maana watu wengi wanapita haraka wakidhani kurudi kwa mkimbizi ni suala la basi, magodoro na mgao wa chakula cha miezi michache. Serikali iliyoua watu ndiyo iliyohesabu mashamba ya waliokimbia kuwa hayana mwenyewe, ikayagawa. Miaka 36 baadaye dola hiyohiyo, ikiwa na viongozi wapya, inawaita watu warudi, halafu inawaachia masikini wawili wagombane juu ya kosa ambalo hakuna hata mmoja wao aliyelitenda.

Na sheria? Sheria ya ardhi ya Burundi ya mwaka 1986 ilimlinda aliyekaa kwenye ardhi miaka 30 bila kupingwa. Haya, nani angempinga, wakati mwenye shamba yuko Mishamo na akirudi anauawa? Ukihesabu kuanzia 1972, miaka 30 inatimia 2002, na hapo vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza 1993 vilikuwa bado vinapiganwa. Kwa hiyo mkimbizi alipoteza haki kwa muda kupita, na muda wenyewe ulipita kwa sababu alikatazwa kurudi.

Makubaliano ya Arusha ya Agosti 28, 2000, ambayo Mwalimu aliyasuluhisha hadi alipofariki na Mandela akayamalizia, yaliliona hili. Itifaki ya nne ilisema wazi kwamba mkimbizi arudishiwe mali yake, ardhi hasa, na pale isipowezekana alipwe fidia ya haki. Mwaka 2006 ikaundwa tume ya taifa ya ardhi na mali nyingine, CNTB. Mwanzoni mwelekeo wake ulikuwa kugawana: aliyerudi achukue sehemu, aliyepo abaki na sehemu. Kuanzia 2011, chini ya Monsinyori Sérapion Bambonanire, msimamo ukageuka: mwenye asili arudishiwe lote. Mwaka 2014 ikaongezwa mahakama maalumu ya ardhi juu yake.

Sasa oneni mageuzi hayo yalivyofika kwenye kilima cha baba mdogo (kule kilima ni kama kijiji kwetu). Yeye na yule mzee walikuwa wameshagawana nusu kwa nusu mbele ya wazee wa pale. Mpaka waliuweka kwa kupanda miti, wakaanza kusalimiana, hata kuazimana majembe. Zilipokuja habari kwamba sasa unaweza kudai lote, vijana wa baba mdogo wakasema tudai. Vijana wa yule mzee wakang'oa miti ya mpakani. Hadi leo hawa wanakwenda kisimani asubuhi na wale jioni. Sisemi kugawana ndiyo haki, wala kurudisha lote ndiyo haki. Ninachosema ni kwamba serikali haikutoa mfukoni mwake hata senti ya kumhamisha mmoja kwa heshima, na fidia iliyoandikwa Arusha wengi hawajaiona. Wale wasiojua kabisa mashamba ya wazazi wao yalipokuwa walipelekwa kwenye vijiji vya amani, nyumba zimepangwa mistari, ardhi ya kulima kidogo au mbali.

Na mimi mtoto wa kike niongeze langu. Burundi haina sheria ya mirathi. Inafuatwa mila, na mila inampa ardhi mtoto wa kiume. Mjane aliyetoka kambini na mabinti zake watatu anasimama mbele ya shemeji zake kuomba mahali pa kupanda maharage. Serikali inamhesabu kuwa amerejea salama.

Msimamo wangu ni huu: serikali iliyogawa ndiyo ilipe. Na kabla ya kuwaita watu, iseme shamba la nani litakuwaje, kilima kwa kilima. Naomba kuwasilisha.

---

Kibaigwa Gunia

Dada pole kwa yaliyowakuta. Umeandika vizuri, ila mimi naona tofauti kidogo.

Burundi ni nchi ndogo, watu wamebanana kuliko sisi tunavyoweza kufikiria tukiangalia mapori ya Manyoni. Kila mtu anaishi kwa jembe. Ukisema serikali ilipe fidia kwa kila shamba, inalipa kwa fedha gani? Ikichukua ya hospitali, wanakufa hao hao waliorudi. Wakati mwingine kuwaambia watu wagawane ndiyo kitu pekee serikali masikini inachokiweza.

Na upande wetu pia usemwe. Watu wa Kasulu, Kibondo na Kakonko wamebeba wageni miaka na miaka. Misitu imekatwa kuni, silaha zimeingia. Serikali yetu ikisema imetosha, sioni ubaya. Hakuna nchi ya Ulaya ingevumilia hivyo.

---

Mzee wa Ipagala

Nawasalimu vijana. Mimi nilikuwa dereva wa lori la chakula Ngara, kuanzia 1994 Wanyarwanda walipofurika darajani Rusumo, mpakani na Rwanda, hadi walipoondoka. Nitasema nililoliona na nililolifuatilia baadaye, kwa sababu jambo hili sikuliacha kule.

Desemba 5, 1996 serikali yetu na UNHCR walitoa tangazo la pamoja: Rwanda sasa ni salama, wakimbizi wote wanatarajiwa wawe wameondoka ifikapo Desemba 31. Hata mwezi haukutimia. Wiki iliyofuata kambi zikaanza kutembea. Watu hawakwenda Rusumo, walikwenda upande wa ndani ya nchi, mashariki, usiku, na vyungu na mikeka kichwani. Jeshi letu likawageuza. Nilisimamisha lori pembeni kwa sababu barabara yote ilikuwa watu, na bibi mmoja akaja dirishani kuniuliza kama huku ndiko Malawi. Karibu nusu milioni walivuka mwezi ule. Mtu asiniambie wote walihiari.

Upande wa pili hali ilikuwa ngumu kuielewa ukiwa mbali. Serikali ya Rwanda ilipokea msafara mmoja wenye wauaji wa kimbari wa 1994, watoto wachanga, na watu ambao hawakumgusa mtu. Waliotuhumiwa walijazwa magerezani hadi zaidi ya laki moja, na kesi zikaja kusikilizwa na gacaca, mahakama za wananchi vijijini, zilizofungwa 2012. Na kwenye nyumba zao walikuta watu. Hao nao walikuwa wakimbizi, Watutsi waliokimbia tangu 1959, wamerudi 1994 baada ya waasi wa RPF kushinda vita. Mkataba wa Arusha wa Rwanda, ule wa Agosti 1993, ulishasema aliyekaa nje zaidi ya miaka 10 asidai mali iliyoshikwa na wengine. Kwa hiyo wa 1959 hawakuwa na shamba la kudai, na wa 1994 walikuwa nalo lakini limekaliwa.

Kibungo, jirani kabisa na sisi Ngara, viongozi waliamuru mashamba yagawanywe. Baadaye sheria ya ardhi ya 2005 ikakubali mgawanyo huo rasmi. Serikali pia ilikata karibu theluthi mbili ya hifadhi ya Akagera mwaka 1997 ikaweka watu na ng'ombe. Na watu wakaambiwa wajenge kwenye vijiji vya pamoja, hata aliyekuwa na nyumba nzuri mlimani kwake. Wapo waliopata paa kwa mpango ule, wapo waliobomoa nyumba zao wenyewe kuufuata.

Ninamwambia Kibaigwa: Rwanda nayo ilikuwa masikini, nayo imebanana. Lakini iliamua, ikatoa ardhi ya dola yenyewe kupunguza mgogoro. Iliamua kwa mkono mzito, hilo nalikubali, na watu hawakuulizwa. Binti anachodai kinawezekana kwa sehemu, fedha ikiwepo au isiwepo.

---

Wakili Mtumba

Shikamoo mzee. Naomba niweke upande wa sheria.

Mkataba wa OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) wa wakimbizi wa 1969, ambao Tanzania, Burundi na Rwanda zote zimo, una ibara ya 5. Inasema kurudi lazima kuwe kwa hiari, hakuna mkimbizi atakayerudishwa bila kutaka. Inasema pia nchi anayorudi impe haki zote za raia na isimwadhibu kwa kuwa alikimbia. Watu wengi hunukuu sehemu ya kwanza na kuisahau ya pili. Kumwambia mtu amepoteza shamba kwa kuwa hakuwepo, wakati hakuwepo kwa kuwa alikimbia kuuawa, mimi naisoma kuwa ni adhabu.

Sisi wenyewe tuna kesi inayogusa jambo la aina hiyo, na watu wa Ugogo mtaielewa upesi maana Operesheni Dodoma ya 1971 iliacha mahame kila kona ya mkoa huu. Baada ya Operesheni Vijiji, watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, watu wengi, hasa kule Arusha, walianza kudai mahakamani mashamba waliyohamishwa. Serikali ikatunga sheria mwaka 1992 kufuta haki za kimila za zamani, kunyima fidia na kuzuia kesi. Mwaka 1994, katika kesi ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Nyalali ikasema haki ya kimila juu ya ardhi ni mali, inalindwa na ibara ya 24 ya Katiba. Vifungu vilivyonyima fidia na kufunga mlango wa mahakama vikafutwa. Mahakama haikumrudishia kila mtu shamba lake. Iliizuia dola kuchukua na kunyamaza.

Mfano ninaoupenda zaidi uko kusini yetu. Msumbiji walisaini amani Roma Oktoba 4, 1992, na ndani ya miaka michache wakimbizi wapatao milioni 1.7 wakarudi, wengi kwa miguu yao wenyewe bila kusubiri lori la mtu. Mabomu ya ardhini yaliwaua wengine njiani na mashambani. Lakini wengi walirudi kwenye ardhi zao, kwa sababu machifu na majirani walikumbuka nani alilima wapi. Sheria ya ardhi ya 1997 ikaukubali ushahidi huo wa mdomo wa wanajamii sawa na karatasi. Serikali haikuwa na fedha hata kidogo. Iliacha tu kumdai mkulima hati ambayo hakuwahi kupewa.

Linganisha na Syria. Sheria namba 10 ya 2018 iliwapa wenye nyumba siku 30 kuthibitisha umiliki kwenye maeneo yatakayojengwa upya, wakati mamilioni walikuwa Uturuki, Lebanoni na Yordani na wengine walikuwa wanatafutwa na polisi. Kelele zilipozidi wakaongeza hadi mwaka mmoja. Sheria ya aina hiyo haihitaji kumfukuza mtu. Inamfungia mlango akiwa nje.

Bosnia ndiko lilikokwenda mbali zaidi suala la kurudisha mali. Mkataba wa Dayton wa 1995, uliomaliza vita kule, uliahidi kila mtu nyumba yake, na kwa miaka minne halmashauri za miji zikakaa juu ya mafaili. Mwaka 1999 wasimamizi wa kimataifa wakawafukuza kazi viongozi waliokwamisha, zaidi ya 20 kwa mpigo. Mafaili yakatembea, na madai zaidi ya 200,000 yakaja kumalizwa karibu yote. Aliyetolewa kwenye nyumba ya mwingine, kama hana pa kwenda, halmashauri ilipaswa kumtafutia makazi. Wengi waliorudishiwa waliuza wakabaki walikokuwa, na hiyo pia ni haki yao.

---

Nkuhungu Kwetu

Mwanzisha uzi, naomba kuuliza bila nia mbaya. Ninyi mliochagua uraia, serikali ya hapa iliwatendea vipi? Na watoto wa baba mdogo wako waliozaliwa Ulyankulu, kule wanahesabiwa nani?

---

Binti Ulyankulu

Nkuhungu Kwetu, swali zuri. Uraia ulikubaliwa kwa watu zaidi ya 162,000, na mimi naishukuru nchi hii bila kumung'unya maneno. Ni nchi chache duniani zimewahi kufanya hivyo kwa watu wengi kiasi kile kwa mkupuo. Lakini sharti la mwanzo lilikuwa tuhame makazi na kutawanywa mikoani, vyeti vingetolewa baada ya hapo. Miaka ikapita tumeukana uraia wa Burundi na cheti cha hapa hatuna. Mzazi haendi kujenga, kijana hajui aombe kazi kama nani. Mwaka 2014 Rais Kikwete alipoanza kugawa vyeti, sharti la kuhama likiwa limelegezwa, mama yangu alikifunga cha kwake kwenye kitenge na hakuruhusu mtu akikunje.

Watoto wa baba mdogo walisoma hapa kwa Kiswahili na Kiingereza. Kule darasani ni Kirundi na Kifaransa. Aliyekuwa kidato cha pili akarudishwa nyuma kukaa na watoto wadogo, akaacha shule. Mitaani wanaitwa Watanzania. Hapa walikuwa wanaitwa Warundi.

Kibaigwa Gunia kaka yangu, sijakuchukia, umesema wanachosema wengi. Kigoma imebeba mzigo kweli, na mimi mawese yangu yanatoka huko, watu wake nawajua. Lakini angalia tunavyoipata hiyo hiari. Baada ya Rais Nkurunziza wa Burundi kung'ang'ania muhula wa tatu mwaka 2015, watu zaidi ya 400,000 walikimbia Burundi, wengi wao wakaja kwetu. Urejeshaji ulianza Septemba 2017. Baada ya hapo masoko ya pamoja kambini yakafungwa, kutoka nje ya kambi kukabanwa, na Agosti 2019 serikali mbili zikakubaliana watu waanze kurudishwa kuanzia Oktoba 1. Ukimfungia mtu soko, ukampunguzia mgao, halafu ukamwekea karatasi asaini kwamba anahiari, sahihi ile ina thamani gani? Mtu wa namna hiyo anafika kwao hana akiba, hana nguvu ya kudai shamba, anakubali lolote. Wengine walirudi kisha wakavuka tena kuja huku, na mara ya pili walikuta mlango mgumu zaidi.

Kuhusu fedha, Mzee wa Ipagala na Wakili wameshakujibu kuliko ambavyo ningeweza. Naongeza moja tu. Ile michikichi ya Rumonge iliuzwa miaka yote, mawese yaliuzwa, dola ilichukua ushuru wake. Mapato yalikuwepo wakati mwenye shamba yuko Ulyankulu.

---

Kibaigwa Gunia

Dada, hapo kwenye soko na sahihi umenigusa, sikuwa nimelitazama hivyo. Kwenye fidia bado nasita. Naona yule mzee mwenye nyumba ya bati ndiye ataumia mwisho wa siku, kwa sababu yeye hana shirika linalomsemea.

---

Binti Ulyankulu

Hapo tuko pamoja kabisa. Ndiyo maana nasema alipwe yeye, na alipwe kabla hajaguswa.

---

Hombolo Bwawani

Wakuu, nimesoma uzi wote. Nina ndugu wa upande wa mke wangu wako kambi ya Nduta, Kigoma, ni mama mjane na watoto wanne. Wameambiwa wajiandikishe kurudi. Hajui la kufanya. Mnamshauri nini?

---

Wakili Mtumba

Ndugu, kwanza asisaini kwa kuhofia tu. Ana haki ya kuuliza maswali kwa ofisa wa UNHCR peke yake, bila umati. Aulize kama zipo safari za kwenda kuona kwanza, ambapo mtu mzima mmoja wa familia anakwenda, anaona hali, anarudi kusema. Zikiwepo, aombe.

Pili, karatasi. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto waliozaliwa kambini, vyeti vya shule na cheti cha kifo cha mume avikusanye vyote kabla ya kupanda basi. Kuvifuata baadaye kutoka ng'ambo ya mpaka ni taabu kubwa.

---

Binti Ulyankulu

Naongezea kwa huyo mama. Atafute mtu wa kilima chake aliye hai anayejua shamba la mumewe linaanzia wapi na linaishia wapi, ampigie simu sasa hivi akiwa bado kambini, na amwulize nani analilima. Akisikia ni shemeji, aongee na shemeji mbele ya wazee kabla hajafika, watoto wake wa kiume watajwe kwa majina, na wa kike pia watajwe. Hombolo, nitumie ujumbe pembeni. Nina mama mmoja aliyepitia hilohilo Makamba, Burundi, na yuko tayari kuongea na watu.